Bosi Anatafuta Vichwa

Ahadi ilimtoka Tuaine kinywani kabla hajamaliza kutafuna keki.

Ilikuwa chai ya asubuhi, siku ya Jumatatu. Wafanyakazi wote wa hoteli walikuwa wamejazana nyuma ya jikoni, na bosi mpya, Leanne, amepanda juu ya kreti la soda ili aonekane. Leanne alikuwa binti wa Kiaustralia, mtu wa Tamworth, mwembamba, mchangamfu kupita kiasi, nywele zake ndefu kazifunga kisogoni. Aliletwa kisiwani Rarotonga kuinua mambo, na jambo la kwanza aliloona linahitaji kuinuliwa ni moyo wa kutoa.

"Nataka hapa kazini tujenge utamaduni wa kutoa," alisema.

Akina mama wa usafi wakatazamana. Pumati, mpishi mkuu, ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa amechinja nguruwe wake wawili kwa ajili ya paa la kanisa, alikohoa ndani ya kikombe.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, hakuna aliyebisha. Ijumaa ya wiki ya pili kungekuwa na mchango mkubwa bustanini. Watu wangenyolewa vichwa hadharani, wageni na wenyeji wangetoa fedha, na fedha zingeenda kwa familia zenye watoto wanaougua saratani, zile zinazolazimika kuhamia Auckland miezi na miezi mtoto akitibiwa. Kila mtu pale alimjua mmoja wao. Taabu ilikuja Leanne alipopiga makofi na kuuliza, "Haya! Nani anajitolea kichwa?"

Kimya.

Wapo wanaoogopa mbwa, wapo wanaoogopa papa. Tuaine aliogopa mtu aliyeomba akakosa. Kimya kile kilimwasha mwili mzima. Macho ya Leanne yalipita juu ya vichwa vilivyoinama, yakamfikia yeye, yakapanda hadi juu ya utosi wake uliong'aa bila hata unywele mmoja, na Leanne akatabasamu kwa kumwonea huruma. Lo, hilo ndilo lililommaliza.

"Mimi ndiyo hivi unavyoniona, bosi," alisema huku akijipigapiga kipara, watu wakacheka. "Lakini mwanangu anazo. Mpaka kiunoni."

Makofi yakalipuka. Leanne akaruka kutoka kwenye kreti, akamkumbatia Tuaine pamoja na keki yake.

Alipokuwa anarudi kwenye mashine yake ya kukata majani, Pumati alimfuata mbio, aproni ikipepea.

"Wewe! Mama Kura anajua?"

"Nitarekebisha."

"Utarekebisha nini? Nywele za Teo zina tarehe yake! Desemba! Mimi nimeshaanza kunenepesha nguruwe wa siku hiyo."

"Pumati, nimesema nitarekebisha."

"Utarekebisha, eh? Wewe uliyemwazima mtu meno ya bandia ya marehemu baba yako?"

Teokotai, mtoto wa pekee wa Tuaine, alikuwa na miaka tisa na hajawahi kuguswa na mkasi. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kutisha, na bibi yake, Mama Kura, alitoka kisiwa cha Mauke kwa ndege ndogo akaketi hospitali akimpapasa kichwani kwa kidole. "Hizi nitazikata mimi," alisema. "Kwa hiyo lazima akue." Mtoto akakua. Sherehe ya kukatwa nywele ikawa inaahirishwa: mara kimbunga, mara msiba, mara nyonga ya bibi. Mwaka huu ilikuwa imepangwa kabisa. Ndugu wangetoka Auckland na Sydney, kiti kingetandikwa, nywele zingefungwa vishungi kwa riboni, kila jamaa angekata kishungi chake na kutoa alichojaliwa, na mkasi wa kwanza ungekuwa wa Mama Kura. Yule bibi alikuwa amezeeka sana sasa. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, lakini kila mtu alijua kuwa jambo hili halikuwa la kuahirishwa tena, wala la kuwahishwa bila yeye.

*

Jumanne Tuaine alivaa shati safi, akaenda ofisini kuondoa jina la mtoto.

"Bosi, kuhusu lile jambo la kijana..."

"Tuaine! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi!" Leanne alisogeza kiti. "Nimewaandikia wakubwa Sydney habari zako. Unajua idara nyingine hazijaleta kichwa hata kimoja? Ni wewe tu. Nilikuwa nimeanza kufikiri watu hapa hawanipendi."

"Ah, wanakupenda."

"Kweli? Basi sawa. Ulikuja na tatizo?"

"Tatizo? Hapana, tatizo gani." Tuaine alitazama dari, akatazama feni. "Nilitaka kuuliza tu, watu watakula nini siku hiyo?"

"Nilifikiria soseji."

"Soseji!"

Alitoka mle ndani akiwa ametoa nguruwe mzima.

Jumatano alirudi, amejifunza maneno yake njia nzima juu ya pikipiki: *Bosi, samahani, nywele za mtoto haziwezekani.* Alipoingia alimkuta Leanne anahangaika na kispika kinachokoroma, anasema muziki umekosekana na bajeti imekwisha. Tuaine akatoa bendi ya kaka zake, ukulele zote na ngoma.

"Mbona sasa unanuka jasho hivyo, na leo hukukata majani?" Pumati alimuuliza mlangoni.

"Niache."

"Umetoa nini leo?"

"Nimesema niache!"

*

Akaiti, mkewe, alizipata habari mlangoni kwa muuza nyama. Alikuta bango jekundu, na katikati yake picha ya mwanawe akicheka, nywele zimemwagika mabegani. Alisoma mara mbili. Hakununua nyama.

Tuaine alimkuta ameketi barazani, mikono imekunjwa.

"Baba Teo."

"Naam."

"Hebu nisaidie. Huyu mtoto aliyebandikwa mlangoni kwa muuza nyama, anayenyolewa Ijumaa ijayo, ni wa nani?"

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Akishakuwa kipara kama baba yake?"

"Mimi nimependeza kwenye ile picha," Teo alisema kutoka dirishani. "Nanyolewa au sinyolewi? Maana nimeshamwambia kila mtu darasani."

"Funga dirisha hilo!" Akaiti alimgeukia mumewe tena. "Miaka mingapi nashona matandiko ya siku hiyo? Vidole vyangu hivi, tazama! Kila mtoto wa ukoo huu akikatwa nywele tunakwenda, tunatoa, tunapika. Ikafika zamu ya wetu, wewe unaigawa kwa keki?"

"Haikuwa kwa keki. Aliomba, Akaiti. Amesimama pale juu ya kreti, hana mtu."

"Na akikuomba figo?"

"Hakuomba figo."

"Akiomba!"

Tuaine akakuna kipara.

"Mungu wangu," Akaiti akasema, "mwanaume anafikiria!"

Akainuka, akachukua funguo za pikipiki. Kesho yake asubuhi, alisema, angekwenda mwenyewe. Yeye hakuwa mtu wa kuzungushwa. Angeingia, angesema, angetoka.

Kesho yake aliingia, akakaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatoka. Tuaine alikuwa anamsubiri nyuma ya maua, reki mkononi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

Akaiti alitazama baharini. "Kiti alichotayarisha ni cha plastiki."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Cha plastiki, Baba Teo! Kitupu! Mtu anakalishwa mbele za watu kwenye kiti kile cha kufulia! Ningefanya nini mimi? Nimemwambia nitaleta tivaevae yangu ya maua mekundu, lile tandiko nililoshona kwa mkono, akitandike."

"Ile kubwa?"

"Ile kubwa."

Tuaine alijitahidi, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea reki, na Akaiti akampiga begani, naye akacheka, wakawa wanafutana machozi nyuma ya maua kama vichaa. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimerekebishika. Nguruwe ametoka, bendi imetoka, tivaevae imetoka, na nywele bado ziko bangoni.

"Lazima mama aambiwe," Akaiti alisema.

"Nani atamwambia?"

"Mama ni wa nani?"

*

Tuaine alimpigia mama yake Jumapili baada ya ibada. Alizunguka sana. Aliuliza habari za nyonga, za kuku, za mchungaji mpya, mpaka Mama Kura akamkatiza.

"Tuaine, umefanya nini?"

Akasema yote. Upande wa pili wakasikika kuku tu, muda mrefu. Tuaine alitamani agombezwe. Alitamani mama yake apige kelele kama zamani, amwite mjinga mbele ya mkewe, iishe.

"Ulijua mimi sitakuwepo," bibi alisema mwishoni, polepole.

"Nilijua, mama."

"Ukampa."

"Nikampa."

"Nipe namba ya huyo binti."

"Mama, usimgombeze. Hana watu hapa."

"Nani kasema namgombeza? Nipe namba."

Jumatatu asubuhi Tuaine aliitwa ofisini. Leanne alikuwa amemweka mtu kwenye kispika cha simu, uso umemjaa wasiwasi.

"Kuna mama mmoja anaongea Kimaori tupu. Nimeshika neno moja tu, jina lako. Nisaidie kutafsiri."

Mama Kura alijua Kiingereza vizuri sana. Alifanya kazi miaka mingi kwa Wanyuzilandi waliokuwa wakinunua machungwa Mauke. Ila alikitoa alipotaka mwenyewe.

"Yupo hapo?" sauti ya bibi ikauliza. "Haya, mwambie. Mwambie hapana."

Tuaine akamgeukia Leanne. "Anasema... anakusalimu sana."

"Oh, mwambie na mimi namsalimu!"

"Mama, anakusalimu."

"Nimesikia. Hilo neno nililokutuma sijalisikia. Mwambie nywele za mjukuu wangu hapana."

"Anasema mjukuu wake ni... ni mtoto mzuri."

Kisha Mama Kura akasema kwa Kiingereza safi, kilichonyooka kama rula, "Binti yangu, naitwa Kura. Mwanangu ni mtu mwema lakini ni mwoga. Zile nywele hapana. Mkasi wa kwanza ni wangu, na mimi nakuja Desemba."

Tuaine akafumba macho. Alingoja machozi, alingoja mlango ubamizwe, alingoja kufukuzwa kazi.

"Oh," Leanne akasema. "Sawa kabisa. Hamna shida, Mama Kura. Asante kwa kuniambia."

Tuaine akafumbua jicho moja. Hamna shida? Ndiyo imekwisha hivyo? Wiki nzima hajalala vizuri, mke anashona kwa hasira, na neno lenyewe lilikuwa jepesi hivi?

"Mama yako mzazi yupo?" Mama Kura alikuwa anauliza.

"Yupo, Tamworth."

"Anakula?"

Leanne akacheka. "Anakula, ndiyo."

"Vizuri. Msalimie." Simu ikakatika.

Leanne alimgeukia Tuaine, kicheko kikamwisha usoni. "Mbona hukuniambia? Ningeelewa tu."

Jibu Tuaine alikuwa nalo, ila halikuingia kwenye Kiingereza.

"Kwa hiyo nguruwe je? Ulitaka kumtoa?"

"Nguruwe nilitaka."

"Na bendi?"

"Bendi..." Akapima kwa mkono. "Nusu."

"Na kile kitambaa cha mkeo? Jamani! Kumbe wiki nzima nimekuwa nawapora watu, halafu nawaandikia Sydney kwamba mambo yanakwenda vizuri." Alikaa, akashika fundo la nywele kisogoni mwake. "Basi kichwa kitakuwa changu. Na kwa kweli ingekuwa hivyo tangu mwanzo. Niliogopa tu, nikatafuta cha mwenzangu."

*

Nywele za Teo zilikuwa zimepona. Tuaine alipaswa kufurahi, na nyumbani alifurahi. Akaiti alipika rukau, yale majani ya majimbi, na samaki, Teo akanuna kwa sababu ya darasa lake, mambo yakarudi mahali pake. Lakini kazini alikufa kwa aibu. Chai ya asubuhi hakwenda. Alijitafutia magugu ya kung'oa kule mwisho kabisa, karibu na kijito, ambako hakuna mgeni anayefika. Mabango alikwenda kuyabandua mwenyewe, moja moja.

"Ehe," muuza nyama alimwambia, akifuta kisu. "Nasikia mmezirudisha nyumbani nywele."

"Ni za Desemba."

"Hakuna neno. Sisi tulikuwa tumeshafurahi tu."

Mama Tere, ambaye mjukuu wake alikuwa kule Auckland kwenye dripu, alimpita barabarani bila kumsalimu. Pengine hakumwona, jua lilikuwa usoni mwake. Tuaine hakulala siku ile akilifikiria jua hilo.

*

Ijumaa nguruwe alitoka kwenye tanuri la ardhini akiwa laini wa kuchambuka, na kaka zake Tuaine walipiga ukulele kana kwamba nusu ile haikuwepo. Bustani ilijaa. Kiti cha plastiki kilikuwa hakionekani tena chini ya maua mekundu ya Akaiti. Ndoo ilipita, watu wakacheza kuiendea, wakatupia, wakarudi wakicheza, wakatupia tena. Mama Tere alicheza kuliko wote. Kama kutoa kulikuwa kunahitaji kufundishwa, hapakuwa na dalili yake.

Kisha Leanne akaketi kitini. Akafungua nywele zake, zikashuka. Akaiti alimpitia kwa kitana, akazigawa na kuzifunga vishungi kwa riboni, kwa sababu hakuweza kuona kazi ikifanywa ovyo, akarudi kukaa kwenye mkeka. Sinia yenye mkasi ikawekwa mezani.

"Haya!" Leanne akapaza sauti. "Nani wa kwanza?"

Hakuna aliyeinuka.

"Msiogope! Hainiumi!"

Ukulele zikazima, moja baada ya nyingine. Wafanyakazi walitazama sahani zao. Mtalii mmoja aliinua simu apige picha, akaona aibu, akaishusha. Leanne aliendelea kutabasamu, lakini masikio yalikuwa yamemwiva, na Tuaine, aliyekaa nyuma kabisa, aliona lile tabasamu limeanza kutetemeka pembeni. Binti alikuwa anafikiri hawampendi.

"Mbona hamwendi?" Tuaine alimnong'oneza Pumati.

"Nikakate nywele za mtoto wa watu?" Pumati alinong'ona, amekasirika kabisa. "Fedha nimetoa, nitatoa tena. Lakini kichwa? Watu wake wako wapi? Mama yake hayupo, mjomba hayupo, hakuna hata binamu wa kukaa nyuma ya kiti. Hiyo ni kumkata mtu kama yatima. Nenda wewe."

Basi ndilo lilikuwa hilo. Kila mtu pale alikuwa anamheshimu, na heshima yenyewe ndiyo iliyomwacha peke yake mbele za watu wote, juu ya maua mekundu, riboni kichwani.

Mwishowe Leanne alinyoosha mkono kuelekea sinia. "Basi nitaanza mwenyewe," alisema, na sauti ikamkatika katikati.

Tuaine alijikuta amesimama. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemwita. Alipita kati ya mikeka, akiomba njia, akimkanyaga mtu kidole, mpaka akafika mbele. Alikwenda kusimama nyuma ya kiti, mahali ndugu wanaposimama.

"Mama yake yuko Tamworth," aliwaambia watu. "Hakuweza kuja. Mimi ni mjomba wake."

Bustani nzima ikashusha pumzi. Pumati, ambaye hakuweza kujizuia hata mbinguni, akauliza kutoka nyuma, "Mjomba kwa upande gani?"

"Kwa upande wa mama! Una neno?"

"Sina!"

"Na mimi ni mkaza mjomba," Akaiti alisema akiinuka, akijikung'uta gauni. Nyuma yake akainuka Mama Tere, akasema yeye ni bibi, tena bibi mkubwa, asije mtu akamtangulia. Pumati alikuwa anafungua aproni. Watu walianza kupanga mstari na kubishana nani binamu na nani shangazi.

Tuaine akachukua mkasi. Leanne alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na ilibidi mtu ainame kabisa ili amsikie.

"Tuaine," alisema. "Si lazima. Kweli kabisa. Unaweza kukataa."

"Najua," Tuaine akasema, akashika kishungi cha kwanza, kile cha karibu na sikio, akakata.